Kati ya Ganzi na Nusukaputi

Mtoto wa miaka mitano ambaye magego yake mawili yameoza ana njia mbili katika sehemu kubwa ya Nairobi. Ya kwanza ni kuketishwa kwenye kiti na kudungwa ganzi huku mama ameshika mikono na msaidizi ameshika kichwa, jino litoke, arudi nyumbani na kwikwi za kilio. Ya pili ni chumba cha upasuaji: ashinde njaa tangu usiku, alazwe kwa nusukaputi, meno yote mabovu yamalizwe kwa mkupuo mmoja, na mzazi alipie chumba, kitanda, daktari wa meno na daktari wa nusukaputi. Kati ya hizo mbili ipo njia ya tatu, ambayo mizizi yake ni ya karne ya 19: kumvutisha mgonjwa kwa pua mchanganyiko wa oksijeni na naitrasi oksaidi, ile wanayoiita gesi ya kucheka, kwa kiasi cha kumtuliza bila kumlaza. Nimekuja kuitetea njia hiyo. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha jambo moja, kwamba madaktari wa meno wakiulizwa kuhusu gesi hii huisifu, na wakiulizwa kama wanaitumia, wengi husema la. Wanataja gharama, muda, kutofundishwa, na wagonjwa kutoiulizia. Mimi nasema sababu hizo hazilingani uzito. Iliyo kubwa ni ukosefu wa mafunzo, na nyingine nyingi huzaliwa na huo.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya gesi yenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kuchanganya mambo. Ganzi huzuia maumivu mahali ilipodungwa. Nusukaputi humwondolea mtu fahamu, ikabidi mwingine amlindie pumzi zake. Gesi ya kutuliza haifanyi kazi ya yoyote kati ya hizo mbili. Mgonjwa huvaa barakoa ndogo puani, akaanza kwa kuvuta oksijeni tupu. Kisha daktari huongeza naitrasi oksaidi kidogo kidogo, akimtazama na kuongea naye, mpaka mabega yalegee na vidole viache kung'ang'ania kiti. Wengi hufika hapo kati ya asilimia 30 na 50. Mgonjwa anasikia, anajibu, anafungua kinywa akiombwa. Huenda akahisi mwili umekuwa mwepesi au mzito, vidole vinamtekenya, na dakika zinampita haraka. Ganzi bado inadungwa, ila sindano haimrushi tena. Kazi ikiisha, gesi hufungwa na mgonjwa huvuta oksijeni tupu kwa dakika tatu hadi tano. Karibu gesi yote hutoka kwa mapafu jinsi ilivyoingia, haingoji ini wala figo, na ndiyo sababu ulevi wake huisha upesi. Mtu mzima aliyetulizwa kwa gesi pekee hupumzika kidogo palepale, akachunguzwa, akaenda zake. Aliyepewa dawa ya kutuliza ya midazolamu lazima awe na mtu wa kumpeleka nyumbani, wala haruhusiwi kuendesha gari mpaka kesho yake. Katika jiji ambamo mtu huomba ruhusa ya saa mbili kazini, akapanda matatu kutoka Kangemi au Kawangware hadi mjini na kurudi, tofauti hiyo ni kubwa.

Taaluma ya meno haiwezi kuiita gesi hii mgeni. Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza, aliandika mwaka 1800 kwamba huenda ingefaa katika upasuaji, na kwa zaidi ya miaka arobaini maneno yake yakalala. Aliyeileta kwenye kiti cha mgonjwa ni daktari wa meno, Horace Wells wa Hartford, Marekani, ambaye Desemba 1844 aliivuta yeye mwenyewe na kung'olewa jino. Mwezi uliofuata akaionyesha mjini Boston, mgonjwa akapiga ukelele, na watazamaji wakamzomea. Baadaye ilitumiwa kulaza watu kabisa, kazi isiyoiweza, kwa kuwa ni dhaifu mno. Ili ilaze peke yake ilibidi oksijeni ibanwe hadi hatari. Ni katikati ya karne ya 20 ndipo Mmarekani Harry Langa alipofundisha kinyume chake: gesi kiasi, oksijeni tele, mgonjwa macho. Uingereza nayo iliendelea kuwalaza watoto kwa nusukaputi katika kliniki za kawaida za meno hadi vifo vikailazimisha kufikiri upya, na tangu kuanza kwa mwaka 2002 nusukaputi ya meno hufanywa hospitalini tu. Gesi ya kutuliza ikachukua sehemu kubwa ya nafasi iliyoachwa wazi. Sisi tumerithi mengi kutoka huko, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari wa meno tangu 1974, lakini shinikizo lile lililowasukuma wenzetu halikutufikia.

Sasa tuitazame hofu, kwa kuwa ndiyo ugonjwa ambao gesi hii inautibu. Si hofu ya watoto tu, wala si ya wasiosoma. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba watu wazima kama 15 katika kila 100 wanamwogopa daktari wa meno, na kwa kama 3 katika 100 hofu hiyo ni kali kupita kiasi. Watafiti wa Australia walieleza mwaka 2007 namna inavyojilisha yenyewe: mwoga huahirisha, kuahirisha hukuza ugonjwa, ugonjwa uliokua hudai tiba nzito, na tiba nzito humthibitishia mwoga kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Uweke mzunguko huo juu ya Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne ana meno yaliyooza, na kwa watu wazima ni zaidi ya theluthi moja. Madaktari wa meno ni wachache kwa nchi iliyohesabu watu milioni 47.6 mwaka 2019, na wengi wao wamejazana mijini. Mabango yao utayaona kuanzia barabara za Tom Mboya na Moi Avenue hadi Kenyatta Avenue, yakaendelea Hurlingham, Kilimani, Ngong Road na Westlands, na bado wapo wakaaji wa jiji hilihili wanaofika uvimbe ukiwa umefunga jicho. Umbali hauelezi jambo hilo. Fedha inaeleza sehemu kubwa, na sitaki kuidogosha. Lakini mtu ambaye amekwisha kutumia kwenye vidonge vya duka la dawa fedha ambazo zingeziba jino, na bado hajaenda, hajazuiwa na fedha peke yake.

Wapo madaktari, tena walio hodari, watakaosema kwamba mgonjwa akiongeleshwa vizuri hahitaji gesi yoyote. Nawaheshimu, na nusu ya wanayosema ni kweli. Utaratibu wa kueleza, kisha kuonyesha, kisha kufanya, ambao daktari wa meno wa Marekani aliyeitwa Addelston aliuandika mwaka 1959, umewatuliza watoto wasiohesabika, na ukifuatwa kwa subira wengi hawatahitaji zaidi. Shida ni wale wanaobaki: aliyewahi kuumizwa, aliyekuja na usaha ambao hauwezi kungoja miadi mitatu ya kuzoeana na kiti, mwenye kuziba koo kila kifaa kinapogusa ulimi, mtu mzima ambaye moyo humwenda mbio tangu ngazini. Hao ndio ninaowazungumzia. Tena gesi haishindani na maneno ya daktari, bali huyafanya yapenye. Anayefundishwa kuitumia sawasawa hufundishwa pia kuongea: sauti ya chini, ya polepole, inayomwambia mgonjwa atakachohisi kabla hajakihisi. Na hapa Nairobi maneno hayo yafaa yawe katika lugha ambayo mtoto hubembelezewa nyumbani, iwe Kiswahili, Sheng au lugha ya mama. Mtoto wa Kibera anayetulizwa kwa Kiingereza cha darasani anapewa nusu ya dawa. Kuhusu kumshika mtoto kwa nguvu, ambako mara nyingi ndiko mbadala wenyewe, sidhani kuna daktari anayependa kufanya hivyo. Jino hutoka, lakini mtoto huondoka amejifunza kwamba akisema hapana mbele ya koti jeupe hasikilizwi, na somo hilo atakwenda nalo hospitali nyingine, kwa ugonjwa mwingine.

Naongeza upesi kwamba gesi hushindwa, na ni haki mzazi aambiwe. Inataka mgonjwa akubali barakoa na avute kwa pua. Mtoto wa miaka miwili anayelia kwa kinywa wazi havuti chochote cha maana. Mafua hufunga mlango kabisa, na baridi ya Julai ikishuka Nairobi, miadi mingi italazimika kusogezwa. Haifai kwa mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza, kwa mwenye upungufu wa vitamini B12, kwa aliyefanyiwa karibuni upasuaji wa jicho uliotia gesi ndani yake, wala kwa mwenye hewa iliyonaswa mahali mwilini isipostahili kuwapo. Meno kumi yaliyooza kwa mtoto mdogo sana bado ni kazi ya chumba cha upasuaji. Njia ya katikati haifuti zile za kando, inapunguza tu wanaosukumwa huko bila haja.

Linalowatia wasiwasi zaidi wazazi ni usalama, na wana sababu. Kumekuwa na vifo kwenye viti vya meno. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulikusanya taarifa za vyombo vya habari za miaka 1980 hadi 2011 na kukuta watoto 44 waliofariki baada ya kupewa dawa za kutuliza au nusukaputi kwa ajili ya meno, wengi wao wa miaka miwili hadi mitano. Ukiusoma bila kutulia utasema basi, tusiguse. Ukiusoma kwa makini unaona jambo jingine: hatari hufuata kina cha usingizi, umri mdogo, na chumba kisicho na mtu aliyefunzwa kuokoa pumzi inapokatika. Naitrasi oksaidi pamoja na oksijeni, bila dawa nyingine, humwacha mgonjwa macho na mwenye kujikohoza mwenyewe. Mashine za kisasa za meno hazikubali kutoa oksijeni chini ya asilimia 30, na oksijeni ikikatika, gesi nayo hujifunga. Gesi zote mbili husukumwa na nguvu ya mitungi yenyewe, kwa hiyo hata stima ikipotea katikati ya kazi mgonjwa haachwi bila oksijeni. Hatari inarudi pale mtu anapoongeza dawa ya kunywa juu ya gesi, halafu nyingine juu ya hiyo, akidhani bado anatuliza kumbe anakaribia kulaza. Mpaka huo hauonekani kwa asiyefundishwa kuutafuta. Ningependa kibali kinachotundikwa ukutani kimtofautishe waziwazi daktari wa gesi pekee na yule wa kuchanganya dawa, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo tayari hudai kila mwaka ushahidi kwamba daktari ameendelea kujifunza, ndilo lenye uwezo wa kulisimamia hilo.

Kuna jambo la Nairobi hasa ambalo kitabu kilichoandikwa London hakina haja ya kulitaja. Jiji hili limekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea magharibi, Karen na Dagoretti, unapanda zaidi. Mgandamizo wa hewa hapa ni karibu asilimia 83 ya ule wa Mombasa. Gesi hutenda kazi kwa mgandamizo wake, si kwa asilimia iliyoandikwa kwenye mashine. Maana yake ni kwamba asilimia 50 inayotolewa Upper Hill ina nguvu ya kama asilimia 41 au 42 ya pwani, na daktari atakayetaka kumfikisha mgonjwa mahali palepale huenda akahitaji kukaribia 60. Si dhana tupu, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba uwezo wa gesi hii wa kupunguza maumivu hushuka kadiri watu wanavyopanda juu. Oksijeni haitatindika, kwa sababu hata ile asilimia 30 ya chini kabisa, ikisomwa kwa hesabu ya pwani, ni karibu 25, na hewa ya kawaida ya bahari ina 21. Lakini fikiria daktari aliyehudhuria kozi fupi ughaibuni, akarudi na namba alizokariri. Atatumia 40, mgonjwa hatalegea, naye atahitimisha kwamba gesi hii ni mzaha wa wenye fedha. Hivyo ndivyo mtazamo mbaya unavyoweza kuzaliwa kutokana na mafunzo ya mahali pengine. Dawa hii hupimwa kwa macho na masikio, kidogo kidogo, kwa mgonjwa aliye mbele yako na hewa mnayovuta nyote wawili, na ustadi huo hujengwa hapahapa.

Msikilizaji makini ataniuliza ushahidi ulipo, na hapa lazima niseme wazi. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018 kuhusu kutuliza watoto kwa tiba ya meno yalikuta ushahidi wa kiasi unaounga mkono midazolamu ya kunywa, ilhali tafiti za naitrasi oksaidi zilizotimiza masharti yake zilikuwa chache na dhaifu. Anayepinga gesi anaweza kusimama juu ya sentensi hiyo. Mimi naisoma hivi. Uchache wa majaribio makubwa haumaanishi kwamba gesi imejaribiwa ikashindwa. Ni dawa kongwe isiyo na mwenye hakimiliki wa kugharamia utafiti, na imekuwa kazi ya kila siku katika kliniki za watoto za Uingereza, Marekani na nchi za Skandinavia kwa miongo mingi. Ufaransa, iliyoifungia hospitalini kwa muda mrefu, iliiruhusu itoke nje ya hospitali mwishoni mwa 2009. Mazoea si uthibitisho, nakubali. Ndiyo maana hitimisho la haki ni kuipima: watoto wa jiji hili, kwenye mwinuko huu, gesi dhidi ya maneno pekee, na kuhesabu ni wangapi walimaliza tiba bila kushikwa na wangapi waliepushwa na chumba cha upasuaji. Chuo Kikuu cha Nairobi kinao wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote kuhusu kliniki zenyewe halimhusu mgonjwa, linamhusu msaidizi anayesimama karibu na barakoa siku nzima. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliokuta kwamba wasaidizi wa kliniki za meno waliovuta kwa wingi naitrasi oksaidi iliyozagaa, katika vyumba visivyo na kifaa cha kuinyonya, walichukua muda mrefu zaidi kupata mimba. Gesi hii huivuruga vitamini B12 mwilini, na kinachomfikia msaidizi kila siku si kile kinachomfikia mgonjwa mara moja kwa mwaka. Nairobi wasaidizi wengi ni wanawake vijana, na wengi wao hawana nguvu ya kumwambia mwajiri kwamba chumba hakifai. Sasa tazama majengo yetu. Kliniki nyingi za katikati ya jiji ziko ghorofani katika majumba ya zamani, chumba kimegawanywa kwa mbao kikawa viwili, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nyumba za zamani za Hurlingham na Kilimani zilizogeuzwa kliniki angalau zina madirisha pande mbili. Sheria ya kwanza basi iwe kwamba hakuna gesi pasipo barakoa yenye bomba la kunyonya pumzi inayotoka na kuitupa nje ya jengo, pasipo hewa inayobadilishwa, na pasipo msaidizi mjamzito kuondolewa chumbani bila kukatwa mshahara. Kliniki isiyoweza kutimiza hayo isiwe nayo. Hapo naungana na wanaokataa, kwa moyo wote.

Wanaojali tabianchi nao wana neno. Naitrasi oksaidi hukaa hewani zaidi ya miaka mia moja, na kilo yake moja huchangia joto la dunia zaidi ya mara 270 ya kilo moja ya kaboni dioksaidi. Kwa nchi ambayo ukame wa Turkana na mafuriko ya Nairobi vyote ni habari za kila mwaka, si jambo la kupuuza. Ila wenzetu wa Scotland walipochunguza hospitali zao waligundua kwamba kiasi kikubwa cha gesi hiyo hakikumfikia mgonjwa kamwe. Kilivuja kutoka mabomba ya ukutani. Hospitali kadhaa za Uingereza sasa zinafunga mabomba hayo na kurudia mitungi midogo. Sisi ambao hatujajenga mabomba ya gesi hii katika kliniki zetu za meno hatuna haja ya kuyajenga ndipo tuyafunge. Mtungi mmoja wa buluu kwenye kitoroli, unaofungwa kila jioni na kufungiwa kwa kufuli, unatosha. Kufuli hilo lina kazi nyingine pia, kwa kuwa vijana wa nchi nyingi wameigeuza gesi hii kilevi, hadi Uingereza ikaiingiza mwaka 2023 katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na wanaoivuta kiholela wameharibika neva za miguu.

Limebaki swali la fedha, ambalo kwa kweli ni swali la nani anapewa kipaumbele. Mtu anaweza kusema: nchi ambayo watu wake wengi hawajawahi kuketi kwenye kiti cha meno, ambamo ganzi yenyewe huisha katika zahanati, inazungumza nini habari za gesi ya kutuliza? Sina ugomvi na mpangilio huo. Ganzi, dawa ya meno yenye floraidi na maofisa wa afya ya kinywa wanaosomea chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC waje kwanza, na shilingi ya mwisho ikiwa lazima iende upande mmoja, iende huko. Lakini hesabu haiishii hapo. Mtoto asiyetulia hula muda wa watoto watatu, na daktari wetu wa meno ni haba. Mtoto anayepelekwa kwenye nusukaputi hula nafasi katika chumba cha upasuaji ambamo wanangoja wenye mifupa iliyovunjika, na madaktari bingwa wa nusukaputi ni haba kuliko wa meno. Ikiwa bima, au Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, italipia chumba cha upasuaji na kukataa kulipia gesi, itakuwa inachagua njia ya gharama kubwa kwa jina la kubana matumizi.

Wala sisemi kila kliniki inunue mashine. Kosa ambalo naliona likitunyemelea ni kwamba gesi itaingia Nairobi kupitia Lavington, Karen na Westlands, kama pambo la kumvutia mteja aliyeiona ughaibuni, itozwe bei ya pambo, na baada ya miaka kumi kila mtu aamini kwamba ndivyo ilivyo kwa asili yake. Ianzie mahali pengine. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Argwings Kodhek Road, hatua chache kutoka vituo vya matatu za Ngong Road, na hupokea wagonjwa wa tabaka zote. Hapo wanafunzi wangejifunza kwa kugusa mashine na kwa kuhesabiwa wagonjwa waliowatuliza chini ya macho ya mwalimu, kabla hawajaaminiwa peke yao. Kiti kimoja zaidi katika hospitali ya umma ya kaunti upande huohuo, tuseme Mbagathi, kingepokea watoto wa Kibera na Kawangware wanaotumwa na zahanati. Daktari wa barabara ya Tom Mboya mwenye chumba kisicho na dirisha angekuwa na mahali pa kuandika kwenye barua ya rufaa, badala ya kuchagua kati ya kumshika mtoto na kumpeleka kwenye nusukaputi. Na daktari aliyeona kazi ikifanyika, aliyeishika mwenyewe mashine na kusikia sauti ya mgonjwa ikishuka, hatajibu tena kwa kusifu asichokitumia. Ataikubali au ataikataa kwa sababu anazozijua.

Kuhusu hoja kwamba wagonjwa hawaiulizii, mgonjwa hawezi kuulizia kitu ambacho hajawahi kusikia kipo. Basi sasa umesikia. Ukiwa na miadi ya meno wiki hii, au una mtoto ambaye umekuwa ukimficha siku ya kwenda, muulize daktari kama anatuliza kwa gesi au anamjua anayefanya hivyo. Akisema anayo, muulize alifundishwa wapi, kama anaongeza dawa nyingine juu yake, pumzi ya mgonjwa inanyonywa kwenda wapi, na nani mwingine chumbani anajua kumsaidia mtu aliyeshindwa kupumua. Daktari aliyejiandaa atakujibu bila kukunja uso. Akisita, omba ganzi ya kawaida, au omba barua ya kwenda kwingine, na usione haya.